Mama Mashuka na Daftari la Wazazi

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Mashuka alifua mashuka ya wodi ya wazazi, na kama kuna mtu aliyeijua wodi ile kwa ndani, basi ni yeye. Madaktari walikuja na kuhama, wauguzi walinenepa wakastaafu, yeye akabaki kwenye chumba cha kufulia nyuma ya hospitali, mikono imekakamaa kwa dawa ya madoa, akiyasoma mashuka kama wengine wanavyosoma barua. Shuka lenye doa dogo, mama kajifungua salama. Shuka lililolowa mpaka kwenye pindo, hapo hasemi kitu. Analitia kwenye maji baridi, anageuza uso.

Na yaliyolowa mpaka kwenye pindo, mara nyingi yalikuwa ya watu wake.

Watu wake ni wale wa ng'ambo ya reli. Babu zao waliletwa zamani kuponda kokoto za kujengea hiyo reli. Reli ikaisha, hakuna aliyekumbuka kuwarudisha walikotoka, na wenyeji hawakuwahi kuwahesabu kuwa wenzao. Kwa sura huwezi kuwatenga. Kinachowauza ni majina yao, na ile namna yao ya kuyavuta maneno, na mtaa. Ukifika dirisha la hospitali ukasema unatoka ng'ambo ya reli, karani hakutukani, hata. Anaichukua kadi yako taratibu, anaiweka chini kabisa ya rundo, na kila anayekuja nyuma yako kadi yake inakaa juu ya yako. Unaambiwa, "Kaa pale, mama." Pale ni benchi la mbao karibu na choo. Limelika katikati kwa kukaliwa, na waliolikalia mpaka likalika ni watu wa ng'ambo tu.

Basi Mama Mashuka akabuni dawa yake. Kila mwanamke wa ng'ambo aliyepata mimba alipita kwanza kwake, jioni, akakalia ndoo iliyofudikizwa na kufunzwa.

"Jina la kwanza lako, la pili la kuazima. Mtaa, Sokoni. Tumbo linauma. Basi, fumba mdomo. Ukizidisha maneno, ulimi utakuuza."

"Na wakiniuliza Sokoni sehemu gani?"

"Nyuma ya mashine ya kusaga."

"Kwani iko mashine ya kusaga kule?"

"Mwanangu, soko gani lisilo na mashine ya kusaga? Haya, sema tena. Na usivute maneno, siyo kamba."

Wanawake walicheka mpaka wakashika matumbo, na dawa ikafanya kazi. Walioandikwa Sokoni walipata vitanda. Mama Mashuka mwenyewe, siku ile alipoomba kazi, faili lake liliandikwa Sokoni, nyuma ya mashine ya kusaga. Na binti yake mkubwa, alipofikisha siku zake miaka minne iliyopita, naye akaandikwa hivyo hivyo, jina la pili la kuazima. Siku hiyo treni ya mizigo ilisimama kwenye kivuko tangu asubuhi mpaka saa sita mchana, na ile ndiyo njia pekee ya kuvuka. Walipofika hospitali kitanda alikipata, mara moja, bila benchi. Lakini kifafa cha mimba kilikuwa kimekwisha kumshika. Alikwenda yeye na mtoto. Shuka lake alilifua mama yake mwenyewe, maana zamu ilikuwa yake. Wenzake walitaka kumpokea, akawaambia, "Acheni. Huyu ni wangu."

Aliyebaki alikuwa mmoja, yule wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Na mwaka huu Kitinda akashika mimba.

Mwaka huu huu ndipo serikali ikaleta mpango wake. Ulikuwa na jina refu, habari za usawa wa afya kwa jamii zilizoachwa nyuma, lakini watu wa ng'ambo wakauita Chumba, kwa sababu walichokiona kwa macho ni chumba. Ghala la zamani la kokoto lilipigwa chokaa, likatiwa kitanda kimoja, mizani, kipimo cha presha na mkunga. Kazi yake Jumatatu na Alhamisi tu, kwa kujaribu. Jaribio likienda vizuri, walisema, kutaletwa daktari wa kupasua na gari la wagonjwa litakalolala upande huu huu wa reli. Mama Mashuka aliposikia hilo la gari alikaa chini. Gari upande huu! Alifikiria kivuko, akafikiria mabehewa, akafikiria binti yake mkubwa.

Mkunga alikuwa msichana wa upande wa pili, mwembamba, viatu vimejaa vumbi la kokoto, na hakuwa na maringo. Alimfunga Kitinda kipimo mkononi, akapuliza, akasikiliza, akapuliza tena.

"Presha iko juu, shangazi," akamwambia Mama Mashuka. "Miezi saba bado mapema kumtoa mtoto. Nitampima kila wiki, na vidonge asikose. Lakini kichwa kikimuuma sana, au akianza kuona vimulimuli, msinisubiri mimi. Kimbieni hospitali."

"Dada yake alianza hivyo hivyo," alisema Mama Mashuka.

"Alilazwa hapa hospitali yetu? Basi atakuwemo kwenye daftari. Wale ndio wanaotakiwa kuhesabiwa."

Mama Mashuka alikumbuka alivyomwandikisha binti yule, akamshika Kitinda mkono wakaondoka.

Wiki mbili baadaye afisa wa mpango akaja na karatasi zake. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na mpole hakika, kwa sababu alikuja na habari mbaya akidhani ni nzuri. Wanawake walijaa Chumbani mpaka nje.

"Tulipoanza," alisema, "tuliambiwa kina mama wa huku ndio wanaofariki zaidi kwenye uzazi. Sasa tumepitia daftari la hospitali, miaka mitano yote. Wazazi wa ng'ambo ya reli waliolazwa ni kumi na mmoja. Waliofariki, hakuna hata mmoja."

Mtu alikohoa.

"Hiyo ni habari njema, akina mama! Pigeni makofi. Tatizo kumbe liko kwingine. Liko Sokoni. Sokoni ni mtaa mdogo, nyumba hazifiki mia mbili, lakini wanavyozaa kule, na wanavyokufa kule, wenzetu wamestuka. Na wengi wanatoka sehemu moja, nyuma ya mashine ya kusaga."

Kuna mwanamke alianza kucheka. Hakuweza kujizuia, maskini, akajiziba na khanga, na kicheko kikageuka kitu kingine.

"Kwa hiyo mwisho wa mwezi ujao," alimalizia afisa, "Chumba kitahamia Sokoni, kwenye uhitaji. Isipokuwa daftari la mwezi huo lituonyeshe wazazi wa huku wasiopungua kumi na wawili."

Watu hawakumtazama afisa. Shingo zote ziligeuka pole pole kwa Mama Mashuka.

Asubuhi ya pili hakuingia chumba cha kufulia. Alijikaza kisabuni akapanda ngazi mpaka ofisi ya kumbukumbu, ambako karani mzee mwenye koti la sufu hukaa na madaftari yake kama kuku na mayai.

"Nataka kurekebisha jina," alisema Mama Mashuka.

"La nani?"

"La binti yangu. Miaka minne sasa. Ameandikwa Sokoni, na hakuwa wa Sokoni. Alikuwa wa ng'ambo ya reli, na jina lake la pili siyo hilo. Na siyo yeye peke yake, wako wengi. Naweza kukutajia mmoja mmoja. Mashuka yao nimefua mimi."

Karani alivua miwani. Alilitoa daftari, akafunua, akalipata. Kidole chake kilisimama kwenye mstari. Mama Mashuka hakuwa amewahi kuuona mstari ule. Ulikuwa mfupi.

"Huyu hapa. Sasa, mwenye jina hawezi kuja kusaini."

"Amekufa, mzee."

"Ndiyo. Basi asaini mzazi. Lakini jina la mzazi halifanani na la huyu, na hapa imeandikwa familia inaishi Sokoni. Nitajuaje kwamba ni wako?"

"Nimekwambia ni wangu!"

"Umeniambia." Karani akainuka, akavuta faili jingine kabatini, akaliweka mezani bila kulifungua. "Hili ni lako la kazi, Mama Mashuka. Na wewe ni wa Sokoni. Sasa nikuulize, mtu wa Sokoni anatoaje ushahidi wa watu wa ng'ambo? Au utaniambia wewe pia siyo wa Sokoni? Ukinambia hivyo kwa sauti, itabidi niandike, na nikiandika, aliyedanganya kwenye faili la kazi hakai hapa hata wiki."

Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko matusi.

"Mimi sijasikia kitu," alisema karani. "Rudi kwenye mashuka yako kabla sijasikia."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Ikiwa wafu hawawezi kuhesabiwa, alijiambia, basi walio hai wahesabiwe. Mwezi mmoja. Tumbo baada ya tumbo.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuyafukua yale aliyoyazika mwenyewe. Yeye aliyewafundisha watu kusema uongo, sasa anawaomba waseme kweli, na nyuso walizomwonyesha alizistahili. Mmoja alimfungia mlango. Mmoja alimuuliza kama dawa ya madoa imempanda kichwani. Mwisho akafika kwa Fundi Cherehani, mama mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa kupita mdomo, ambaye mkaza mwanawe alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua.

"Rudia," alisema Fundi, mguu bado uko kwenye cherehani. "Unataka mkwe wangu akae benchi la chooni?"

"Nataka aandikwe wa hapa."

"Aandikwe, akae benchi. Miaka yote umetuambia benchi ni kaburi lenye miguu minne."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa ukisema Sokoni, kitanda unapata leo, na Chumba kinakwenda kesho. Binti yangu presha imepanda, shoga. Wewe umeshaona treni inavyosimama. Ikisimama siku yake, mimi nitafanya nini? Nitafua shuka la pili?"

Fundi aliacha kukanyaga. Uzi ulikatika, akautafuta kwa ulimi, akakosa tundu la sindano mara tatu.

"Na wewe," aliuliza, "Kitinda akishikwa, utasema wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Nitasema kwa sauti mpaka wasikie jikoni."

"Apa."

"Naapa kwa yule aliye ardhini."

Fundi akatikisa kichwa. "Haya. Wewe mwanamke utatuua, lakini haya."

Kwa Fundi kukubali, wengine wakafuata. Mwezi ulipofika katikati, mkunga akasema hospitalini wameandikwa tisa wa ng'ambo. Tisa! Wote walikaa benchi. Na sasa karani wa dirishani alipata neno jipya la kuwaambia: "Nyinyi si mmeletewa Chumba chenu? Nendeni huko." Mmoja alijifungulia pale pale kwenye benchi, mwenzake akimkinga kwa khanga. Mtoto alipona. Mama Mashuka aliifua ile khanga bila kuambiwa, akairudisha imepigwa pasi.

Jumanne moja alfajiri Kitinda akaamka ameshika kichwa.

"Mama, kuna vimulimuli ukutani."

Hakukuwa na kitu ukutani. Mama Mashuka alimvisha viatu. Jumanne, Chumba kimefungwa. Walitembea, Kitinda akimwegemea na uzito wote wa watu wawili, na walipokaribia kivuko Mama Mashuka aliisikia treni ikihema kabla hajaiona. Ilikuwa imesimama. Mabehewa ya mizigo, mekundu, huku hayana mwanzo na huku hayana mwisho, yametulia kama nyumba.

"Tusubiri?" aliuliza Kitinda.

"Hatusubiri."

Wakapita chini. Mama Mashuka alitangulia kwa magoti juu ya kokoto, kokoto alizoponda babu yake, akamvuta binti yake kwa mikono kati ya magurudumu. Chuma kilikuwa cha baridi na kinanuka mafuta. Kitu kililia mbele kabisa, mnyororo ukakaza behewa kwa behewa kuja upande wao, na Mama Mashuka alimvuta mtoto wake kama mtu anavyong'oa jino. Walipotoka ng'ambo ya pili magoti yake yalikuwa yanavuja damu, treni haikuwa imesogea hata hatua moja, na Kitinda alikuwa anamwita kwa jina la dada yake.

Hospitali ilikuwa imejaa. Kwenye benchi la chooni alikaa Fundi Cherehani, na mkaza mwanawe kajilaza mapajani kwake, anauma mkono wa gauni. Walikuwa pale tangu jana jioni. Fundi alipomwona Mama Mashuka aliinua mkono juu, uso ukamchanua.

"Umefika, shoga! Waambie. Tutakuwa kumi na wawili!"

Karani wa dirishani aliinua kichwa.

"Ah, Mama Mashuka! Huyu ni wako? Mbona hivi?" Kalamu ilikuwa tayari mkononi, na alikuwa ameshaanza kuandika. "Wa Sokoni, si ndiyo?"

Hakuulizwa hata. Uongo uliletewa mlangoni umekwisha kupikwa, kilichobaki ni kutia mdomoni. Mama Mashuka aliufungua mdomo wake. Alimwona Fundi. Aliiona kadi ya mkwe wa Fundi chini kabisa ya rundo, pembe yake imekunjika. Ndani ya mkono wake vidole vya Kitinda vikaanza kurukaruka, polepole, kama samaki aliyetolewa majini, na alivijua vidole vile. Alishawahi kuvishika.

"Ndiyo," alisema. "Sokoni." Na bila kuulizwa, kwa mazoea ya miaka, akaongeza: "Nyuma ya mashine ya kusaga."

Machela ilikuja hapo hapo. Magurudumu yake yalipopita mbele ya benchi, Fundi Cherehani hakutukana. Laiti angetukana. Alikilaza kichwa cha mkwe wake ukutani, taratibu, akasimama, akanyoosha gauni lake, akaenda dirishani.

"Karani," alisema, "jana ulisikia vibaya. Na sisi ni wa Sokoni. Futa hapo."

Karani akafuta.

Kitinda alipasuliwa saa nne. Alipona, na mtoto akapona, wa kike, mdogo kama mkate, analia kama paka. Mkwe wa Fundi kadi yake ilipanda juu ya rundo, akaingizwa, lakini alikuwa amekaa usiku kucha na mtoto amechoka njiani. Asubuhi yake kapu la wodi lilishuka chumba cha kufulia. Mama Mashuka aliyatoa mashuka moja moja. Alilikuta alilokuwa analitafuta. Damu haikuwa nyingi, mama mtu angeishi. Ila katikati ya shuka kulikuwa na kitambaa kidogo cha maua cha kumpokelea mtoto, kimeshonwa kwa cherehani, pindo zimepigwa mara mbili, na ndani yake hapakuwa na mtoto.

Alikifua peke yake, kwa mkono, kwa sabuni ya kuogea. Alikipeleka mwenyewe. Fundi alikipokea mlangoni, akakitazama pindo, akafunga mlango.

Na wengine waliobaki, nani tena angekaa benchi? Habari ilivuka reli kabla ya Mama Mashuka mwenyewe. Mwisho wa mwezi daftari lilisoma wazazi kumi tu wa ng'ambo, vifo hakuna, maana aliyezaliwa kimya kwenye kitambaa cha maua alikuwa ameandikwa mtoto wa Sokoni. Gari likaja Alhamisi. Wakapakia kitanda, mizani na kipimo cha presha. Mkunga alisimama mlangoni mwa ghala, macho mekundu.

"Shangazi," alimwambia Mama Mashuka, "mimi najua mnavyokufa. Nimeona kwa macho yangu. Lakini wanataka kuona kwenye karatasi."

"Tulijificha vizuri sana, mwanangu," alisema Mama Mashuka. "Mwalimu wao alikuwa hodari."

Alirudi nyumbani. Kitinda alikuwa amekaa kitandani, mtoto titini, na kwenye goti ameweka kadi mpya ya chanjo na kalamu. Alikuwa ameshajaza jina la kwanza, tarehe na uzito kwa mwandiko wake wa shule. Nafasi mbili zilikuwa tupu.

"Mama, hapa pa jina la pili, na hapa pa mtaa. Nilikuwa nakungoja." Alimtazama. "Fundi amesema tangu sasa kila mtu aandike anavyojua mwenyewe, kwako asije mtu. Niandike ng'ambo?"

Mama Mashuka alikalia ile ndoo iliyofudikizwa, pale walipokaa wote. Alimtazama mjukuu wake, kile kichwa chenye nywele zilezile za marehemu mama yake mkubwa. Alitaka kusema ndiyo.

"Chanjo ya kwanza lini?"

"Jumatatu."

"Na Chumba kiko wapi sasa?"

Wote wawili walijua kiliko.

"Basi unaniuliza nini?" alisema Mama Mashuka, na sauti yake ikapasuka katikati kama shuka bovu. "Andika Sokoni. Jina la pili, la kuazima."

Kitinda akaandika.